Naombeni ushauri: protini za kukarabati DNA zinavukaje nukleosomu?

Habari zenu wakuu. Naandaa semina ya shahada ya uzamili na nimekwama.

Kwenye DNA tupu sina shida. OGG1, kile kimeng'enya kinachosaka guanini (moja ya besi za DNA) iliyooksidishwa, huteleza huku na huku juu ya uzi bila kutumia ATP (molekuli ya nishati ya seli), kikisukumwa na joto tu. Lakini ndani ya kiini cha seli uzi hauko tupu. Jozi 147 hivi za besi zimezungushwa mara 1.65 kwenye bunda la protini 8 ziitwazo histoni (hiyo ndiyo nukleosomu), halafu kipande kifupi, halafu nukleosomu nyingine tena. Sasa protini inayoteleza ikifika hapo inafanyaje? Inaachia na kurukia mbele? Inasubiri DNA ijibandue kidogo kwenye kingo? Au bila mashine za ATP za kusogeza histoni haipiti?

Jana nilizungusha kamba kwenye kopo nikapitisha pete ya funguo. Iligoma hata kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza. (Najua, protini nyingi si pete, msinicheke.)

Kinachonichanganya zaidi ni UV-DDB, protini nyingine ya ukarabati: yenyewe hushika jeraha la mionzi ya urujuanimno likiwa juu ya nukleosomu hiyo hiyo. Kwa hiyo naona jibu moja kwa protini zote halipo.

Kwa dakika 20, mngenishauri nilinganishe OGG1 na UV-DDB, au nishike moja niichimbe? Na aliyewahi kufuatilia molekuli moja moja kwa darubini, mnatofautishaje kuteleza na kuruka?