Mwenye asili mchanganyiko kazini: ahesabiwe kundi gani?

Mtoa mada

Waajiri binafsi wa Marekani wenye wafanyakazi 100 na zaidi huijazia serikali fomu ya EEO-1, inayohesabu wafanyakazi kwa mbari, jinsia na aina ya kazi, na tangu 2007 ina kundi la "mbari mbili au zaidi". Nasema kundi hilo livunjwe katika ripoti za ndani za kampuni. Mwanamke wa mama mweusi na baba mzungu anawekwa kapu moja na mwenye asili ya Kijapani na Kizungu, ilhali vikwazo vyao kazini havifanani. Mhispania mweusi (Mhispania hapa ni mwenye asili ya Amerika ya Kilatini au ya utamaduni wa Kihispania, si lazima raia wa Hispania) ndiye anayepotea kabisa: akishajitambulisha kuwa Mhispania, mbari yake haihesabiwi tena, si kwa weusi wala kwa mchanganyiko. Anayepinga aeleze hasara iko wapi.

Mchambuzi wa takwimu

Hasara iko kwenye idadi ndogo, ndugu. Chukua kampuni ya watu 400, wenye asili mchanganyiko wakiwa 20. Wagawe kwa asili, kisha jinsia, kisha cheo: utabaki na visanduku vya mtu mmoja mmoja, na ofisi nzima itamjua ni nani. Wengi huficha kila namba iliyo chini ya 10 wakadhani wamemaliza. Jumla ya safu ikiachwa wazi, msomaji anatoa tu na namba iliyofichwa inajitokeza. Ni lazima ufiche na ya pili katika safu hiyo.

Napendelea hesabu mbili. Kwanza waliochagua weusi pekee, tuseme 40, yaani asilimia 10. Kisha hao pamoja na waliochagua weusi na asili nyingine, tuseme 52, yaani asilimia 13. Kigawanyo ni 400 mara zote mbili. Makundi yakijumlishwa yatapita asilimia 100, kwa kuwa mwenye asili mbili anaingia makundi mawili, na si kosa, mradi ielezwe chini ya jedwali. Idadi ikiwa bado ndogo, unganisha miaka mitatu ya ajira mpya au ya waliopandishwa vyeo. Usifanye hivyo kwa idadi ya wafanyakazi wote, kwa sababu mtu yule yule atahesabiwa mara tatu.

Afisa rasilimali watu

Asilimia 13 ndiyo itakayopelekwa kwa wanahisa! Hajaajiriwa mtu hata mmoja, lakini kampuni itadai imesonga mbele. Hatari hii inaonekana hata kwenye sensa ya Marekani: waliojitaja kuwa wa mbari zaidi ya moja walikuwa milioni 9 mwaka 2010, na mwaka 2020 wakafika milioni 33.8. Ofisi ya Sensa yenyewe ilieleza kuwa maboresho ya maswali na ya namna ya kuainisha majibu yalichangia sana. Kwa hiyo mwaka unaobadili dodoso, miaka ya nyuma ihesabiwe upya kwa njia mpya. Ikishindikana, kata mstari wa grafu hapo na uanze mwingine.

Mwanasheria

Mnazungumzia mbari peke yake, na hapo ndipo wanawake weusi walipoanguka mahakamani. Katika DeGraffenreid dhidi ya General Motors, 1976, wanawake weusi watano walipinga utaratibu wa kupunguza wafanyakazi ambapo aliyeajiriwa mwisho hutoka kwanza. Mahakama ilikubali wadai kwa mbari au kwa jinsia, si kwa vyote viwili vikiunganishwa. Kampuni ilikuwa imeajiri wanawake miaka mingi, ila walikuwa wazungu. Msomi wa sheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo mwaka 1989 alipoeleza makutano ya ubaguzi, yaani ubaguzi wa mbari na wa jinsia unapompata mtu mmoja kwa pamoja. Uingereza nako kifungu cha 14 cha Sheria ya Usawa ya 2010, kinachoruhusu madai ya sifa mbili kwa pamoja, hakijawahi kuanza kutumika.

Kuna jambo jingine: mbaguzi hasomi dodoso, anatenda kwa anachokiona. Ongezeni swali la pili la hiari: "Wenzako kazini kwa kawaida hukuchukulia kuwa wa mbari gani?"

Afisa rasilimali watu

Swali hilo nalikubali kwa sharti: majibu yasikae kwenye faili la mfanyakazi, na meneja wake asiyaone.

Mtoa mada

Hesabu mbili nazikubali, mradi zichapishwe pamoja kwenye jedwali moja, kila moja kwa jinsia na kwa ngazi ya cheo. Itakayotolewa peke yake ikataliwe. Kuhusu Mhispania mweusi bado sijajibiwa.

Mchambuzi wa takwimu

Mwongozo wa serikali ya Marekani wa Machi 2024 umeunganisha swali la asili ya Kihispania na la mbari, mtu achague yote yanayomhusu. Dodoso la ndani liulize hivyo na lihifadhi kila chaguo kama lilivyo. Fomu ya serikali ijazwe kwa kuyakunja majibu hayo, yaani kuyaweka katika makundi machache ya fomu. Ukihifadhi kundi lililokwisha kukunjwa, huwezi kulikunjua tena.