MJADALA: Plastiki zinazoandikwa "inaoza", zikifika dampo zinaoza kweli au tunapigwa?

Mkia wa Fisi
Wadau salaam. Hili jambo limenikaa kooni muda. Mwaka juzi tulikuwa na shughuli tukanunua vile vikombe vya plastiki vyenye alama ya jani la kijani, vimeandikwa INAOZA ASILIMIA 100. Shughuli ilipoisha kimoja nikakizika kwenye ndoo yangu ya ua, kujaribu tu. Juzi nahamisha lile ua maana ndoo imepasuka, nakuta kikombe kilekile, mizizi imekizunguka kama kamba, na neno INAOZA linasomeka bila miwani. Nikakiosha nikakijaza maji, hakivuji hata tone!! Sasa kama udongo ninaoumwagilia kila siku umeshindwa, kule dampo kwenye mlima wa taka itakuwaje? Mimi nasema maandishi haya yapigwe marufuku. Karibuni, ila matusi hapana.

Binti Saruji
Mkuu, tatizo hukujua umezika nini. Hiyo bila shaka ni PLA, inatengenezwa kwa sukari ya mahindi au miwa. Haiozi kwenye ndoo. Plastiki ni mnyororo mrefu wa molekuli, maji lazima yaanze kuukata vipande vidogo ndipo bakteria waweze kuvila, na chini ya nyuzi joto 55 au 60 hivi mnyororo umekakamaa, maji hayapenyi kirahisi. Ndo maana inataka mtambo wa mboji, joto kama nyuzi 58, unyevu, hewa, rundo linageuzwageuzwa. Kipimo cha Ulaya EN 13432 kinataka asilimia 90 ya kaboni iwe imegeuka hewa ukaa ndani ya miezi 6, lakini HUMO kwenye mazingira ya mtambo. Wewe umeanika chuma juani halafu unalalamika hakijayeyuka.

Mkia wa Fisi
"Hukujua umezika nini". Dada, kikombe kimeandikwa inaoza. Sikuandika mimi.

Kamanda Tofali
Ngojeni niwaambie nyie mnaosoma kwenye simu. Nimeendesha katapila dampo miaka sita. Taka ikishuka unaisambaza, unaipanda na mashine mara nne tano mpaka ishikane, jioni unaifunika na udongo, kesho unaanza juu yake. Hewa inatoka wapi? Maji yenyewe mkitaka yasiingie mnaweka mfuniko. Kuna siku tulichimba mtaro wa bomba la gesi kwenye sehemu ya zamani, lile koleo la mashine likatoa magazeti yamegandana kama tofali, tukayabandua na bisibisi, tarehe inasomeka, picha ya mchezaji mpira inaonekana mpaka namba ya jezi. Na hiyo ni KARATASI. Kilichokuwa kimeoza ni mabaki ya jikoni na majani, yamekuwa uji mweusi unaonuka mpaka kwenye nywele, mke wangu alikuwa ananifungulia mlango wa nyuma. Kwa hiyo mtu akiniambia kikombe cha mahindi kitaoza kule mimi nacheka tu.

Njugu Mbichi
Kamanda kanikumbusha yule profesa wa Arizona, jina limenitoka, aliyechimba madampo ya Marekani akakuta soseji za miaka kibao bado ni soseji.

Binti Saruji
William Rathje. Alikuwa mwanaakiolojia, mradi wake wa kuchambua taka ulianza 1973 na madampo wakaanza kuyachimba 1987. Magazeti ya miongo iliyopita yalikuwa yanasomeka vilevile kama ya Kamanda.

Lugha Yetu
Samahanini, kabla hamjafika mbali. Plastiki HAIOZI. Kinachooza ni kitu kilichowahi kuwa na uhai, tunda, nyama, mti. Plastiki huchakaa, husagika, humeng'enyuka. Mnajadili jambo ambalo hata jina lake mmekosea. Na hilo "dampo" ni neno gani? Kiswahili kina jaa, kina jalala.

Kamanda Tofali
Jaa halina katapila mzee.

Kipepeo wa Usiku
@Lugha Yetu kama kinachooza ni kilichowahi kuwa na uhai, PLA ilikuwa mahindi. Kesi imefungwa.

Lugha Yetu
Kijana, na nailoni imetoka kwenye mafuta ya petroli, nayo yalikuwa viumbe wa baharini mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa hesabu yako nailoni inaoza?

Kipepeo wa Usiku
😂😂 hapo umenishika

Binti Saruji
Hajakushika, mmekosea wote. Kitu kimetoka wapi hakikwambii kama kitaoza. Kuna polithini inatengenezwa kwa miwa, ikishatengenezwa ni ileile polithini, vijidudu hawaigusi kama ambavyo hawagusi ya petroli. Na kuna plastiki inaitwa PBAT, hiyo imetoka kwenye petroli kabisa, na vijidudu wanaila kwenye mboji bila shida. Cha kutazama ni viungo vya mnyororo, kama bakteria ana kimeng'enya (enzaimu) cha kuvikata au hana.

Mzee Kikoti
Mimi nilidhani kuoza ni kumpeleka binti kwa mumewe. Huyo kikombe wa Mkia hajaozwa kwa kuwa hajaposwa, mwacheni akae kwao kwenye ndoo.

Njugu Mbichi
Mzee shikamoo 😂😂😂

Lugha Yetu
Mnacheka lakini ndivyo lugha inavyokufa. Maneno mawili, asili mbalimbali, yanafanana sura tu. Naendelea kusisitiza, plastiki humeng'enyuka.

Binti Saruji
Sawa mwalimu, ila hilo neno lako "kusagika" ndo hasa linalotumiwa kuwapiga watu, na hapa nakuunga mkono nusu. Kulikuwa na ile mifuko ya oxo, polithini ya kawaida iliyotiwa chumvi za metali, ikipigwa na jua inavunjikavunjika. Wakauza kwamba inaoza. Haiozi, INASAGIKA, unabaki na punje ndogo za plastiki ileile ambazo hata kuokota huwezi. Umoja wa Ulaya wameipiga marufuku, ilianza kazi Julai 2021. Na dampo chini ya udongo hata hilo jua la kuianzishia hamna.

Lugha Yetu
Nusu? Unaniunga mkono nusu ipi?

Kizibo
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa, mnagombania ioze au isioze, hakuna hata mmoja aliyeuliza kwani ni nani kasema ni VIZURI ioze dampo. Kitu kikioza pasipo hewa kinatoa gesi ya methani. Methani kwa miaka 100 inapasha joto dunia kama mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, ukihesabu miaka 20 ya mwanzo inafika karibu mara 80. Kikombe kilichogoma kuoza kimeifungia kaboni yake ndani, kimetulia, hakimdhuru mtu. Kinachooza haraka ndo kinachafua anga. Chuo kikuu cha North Carolina State walilitoa hili 2011, Levis na Barlaz, kwamba dampo kitu kuoza upesi si sifa. Sasa nyie endeleeni na sayansi ya ndoo.

Mkia wa Fisi
Sayansi ya ndoo??

Kizibo
Ndiyo mkuu. Ndoo moja, kikombe kimoja, halafu unataka sheria ya nchi.

Mkia wa Fisi
Sikiliza ndugu yangu, hiyo ndoo imekaa na kikombe miaka miwili, wewe umekaa na kiti chako na intaneti. Nimeona kwa macho yangu nikashika kwa mikono yangu. Kitu nimekiona hakijaoza unataka nisubiri cheti? Ndoo yangu imekukosea nini?

Njugu Mbichi
Tena hiyo sayansi ya ndoo chuo cha Plymouth Uingereza walifanya hivyohivyo, walizika mifuko wakaacha miaka 3, ripoti ilitoka 2019, na mfuko ulioandikwa unaoza ulifukuliwa bado unabeba manunuzi. Mkia simama wima.

Mkia wa Fisi
Asante sana. Umesikia Kizibo? PLYMOUTH.

Binti Saruji
Malizieni basi. Utafiti huohuo, mfuko wa aina ya kuozeshwa kwenye mboji ukiwa baharini ulipotea ndani ya miezi 3. Kwenye udongo miezi 27 ulikuwa bado upo ila ukiutia mzigo unachanika. Aina zilikuwa tofauti, sehemu tofauti, majibu tofauti. Mfuko si kikombe.

Kizibo
Na Plymouth hawakuzika dampo. Walizika kwenye udongo wa kawaida wenye hewa yake. Bado hamjajibu methani.

Kamanda Tofali
Methani nakujibu mimi kwa kuwa hayo mabomba nimeyafukia. Mnaongea kama gesi yote inapaa tu. Dampo lililojengwa vizuri linavuta gesi, nusu hivi ni methani, inachomwa au inazungusha jenereta la umeme. Sasa kama inavutwa, ubaya wa kuoza uko wapi?

Kizibo
Kamanda niambie ukweli, mabomba mnaweka siku taka inaposhuka?

Kamanda Tofali
Hapana. Mpaka sehemu ijae kidogo.

Kizibo
Basi ndo hapohapo. Kitu kinachooza upesi kinatoa gesi yake kabla bomba halijafika. Kinachooza polepole kinasubiri bomba. Na zipo plastiki za hivyo, PHA inatengenezwa na bakteria wenyewe, wanaila hata pasipo na hewa na kuitoa kama methani. PLA ya Mkia huko kwenye joto la kawaida inakaa tu. Kwa hiyo ukiniuliza dampo niweke ipi nitakwambia ileile iliyoshindwa kwenye ndoo.

Mkia wa Fisi
Naona umeanza kuiheshimu ndoo.

Fundi Koki
Nimechelewa. Hoja ya mleta mada ilikuwa maandishi yapigwe marufuku si ndiyo? Marekani wana mwongozo wa FTC, tume ya serikali yao inayolinda wateja, wa 2012, unasema ukiandika kitu kinaoza bila maelezo mengine, na kitu chenyewe kwa kawaida kinaishia dampo, na hakitaisha chote ndani ya mwaka mmoja, huo ni udanganyifu kwa mteja. Maana dampo hakuna kitu kigumu kinachoisha kwa mwaka. Nadhani hili ndo jibu la swali.

Kipepeo wa Usiku
Ila mimi narudi nyuma, Mzee Kikoti alivyosema kikombe hajaposwa nilimwaga maji kwenye keyboard

Lugha Yetu
Kibodi.

Mzee Kikoti
Mwanangu, na kibodi nayo ni plastiki, ukiifukia usiiandikie chochote, watu watagombana.

Lugha Yetu
Binti Saruji hajanijibu. Ananiunga mkono nusu ipi? Mtu hawezi kusema nusu akaondoka.

Binti Saruji
Mwalimu nilikuwa kazini. Nusu ya kwamba kusagika na kuoza ni vitu viwili. Nusu ya kwamba plastiki haiozi siiungi, maana ipo inayoliwa na vijidudu mpaka mwisho, kinachobaki ni maji, hewa ukaa na miili yao. Hiyo kama siyo kuoza sijui tuite nini.

Lugha Yetu
Kumeng'enyuka.

Binti Saruji
Haya. @Mkia hebu piga picha chini ya hicho kikombe, nataka nione kimeandikwa nini hasa, maana wengi huweka na namba ya kipimo.

Mkia wa Fisi
Nimepiga lakini haipandi, mtandao mzito. Ngoja nisome. INAOZA ASILIMIA 100. Halafu kuna mzizi mmoja ulikuwa umeng'ang'ania, nimeukwangua na kisu, chini yake kuna mstari mwingine mdogoooo, hapo nimefuata miwani. Unasema "kwenye mtambo wa mboji pekee".

Kizibo
😂😂😂😂😂

Mkia wa Fisi
Cheka. Huo mtambo uko wapi? Aliyewahi kuuona kwa macho yake ninyoshee mkono. Kamanda, miaka sita dampo, umewahi kuona lori limebeba vikombe linapita kwenda kwenye mtambo?

Kamanda Tofali
Yote yalikuwa yanakuja kwangu.

Lugha Yetu
Hapo kwenye "uko wapi". Ni "uko" au "upo"?