Hela za njia za theluji Wisconsin: sisi wa kaskazini tunafanyishwa kazi, hesabu inapigwa kwa maili

Wakuu habari za humu, najua kuna watakaocheka Mswahili kaingiaje klabu ya pikipiki za theluji (snowmobile), chekeni tu, mimi niko huku juu karibu na Ziwa Superior, najitolea kuendesha trekta la kusawazisha njia na leo nimechoka kunyamaza.

Hela yenyewe ya kutunza njia ni ya waendeshaji, inatoka kwenye usajili wa pikipiki, stika ya njia (kibali cha kupita njia hizo) na kodi ya petroli ambayo jimbo linakadiria galoni 50 kwa kila pikipiki halafu linazidisha kwa 1.4. Inashuka kaunti, kaunti inalipa klabu gharama zake, kikomo dola 300 kwa maili. Sasa maili ya kule kusini mpakani na Illinois, ambako theluji ikikaa wiki watu wanashangilia, ina kikomo kile kile na maili yetu sisi tunaotoka usiku kucha Desemba mpaka Machi. Hivi hapo mtu alitumia akili kweli?

Na msiniambie kuna nyongeza kwa waliozidisha gharama, naijua. Unatumia kwanza, unaomba, unasubiri weee, na mfuko ukiwa mdogo kila klabu inakatwa. Muuza dizeli yeye hasubiri bwana. Juzi saa nane usiku mpira wa haidroliki umepasuka porini, mafuta yote yamemwagika kwenye theluji, baridi ile ukivua glavu ukashika spana ngozi inabaki kwenye chuma, na fundi alivyokuja anataka chake pale pale. Tumelipa kwa hela ya kuuza supu na tiketi za bahati nasibu, jamani!

Halafu hawa wanachama wa stika. Mwanachama analipa dola 10, asiye mwanachama 30, basi watu wanajiunga kwa ajili ya punguzo, ikifika siku ya kufyeka matawi na kupigilia vibao tuko mimi na wazee wale wale wa kila mwaka. Wakikuta matuta sasa, matusi hayo!

Trekta letu lina GPS, kila saa tuliyofanya kazi iko kwenye rekodi, kwanini wasilipe kwa saa? Nimeuliza kwenye kikao nikaambiwa fomu ndivyo ilivyo. Fomu!

Mlioko Minnesota, Maine na Quebec, kwenu wanagawaje?