Nyumba ya mababu Lamu inabomoka, fundi ataka kutia saruji. Naomba ushauri

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nyumba ya upande wa mama, Mji wa Kale Lamu, imeachwa tangu bibi afariki. Nilipoingia juzi nilikuta boriti za mkoko zimeoza pale zinapoingia ukutani, na dari imelegea. Lakini zidaka za ndani, vile vishubaka vya ukutani, zingalipo, safu juu ya safu, na nakshi za kingo waweza kuzifuata kwa kidole. Nikawaza sahani za kaure zilivyopangwa humo, maharusi wa ukoo wetu wakiingizwa chumba kile cha zidaka, wazee wakipokea wageni dakani, pale ukumbi wa mlangoni.

Fundi ataka kupiga lipu ya saruji. Naogopa: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa lazima upumue, saruji hufungia unyevu ndani. Isitoshe mji uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, kibali ni lazima.

Mliokarabati nyumba kama hizi, fundi wa chokaa mlimpata wapi? Boriti nizibadilishe kabla ya masika, au niziegemeze nguzo kwanza? Na warithi walioko Mombasa na Oman mliwakubalishaje? Wajomba wataka kuuza, nami sitaki kabisa.