Kiwanja cha ndege kinapanuka: tuongeze chila ya nne, au tatizo liko kwingine?

Fundi_Ukonga aliuliza:

Ndugu wahandisi na mafundi, habari za kazi. Niko katika kampuni ya ushauri wa mifumo ya majengo hapa Dar es Salaam, na tumepewa jukumu la kumshauri mteja anayeendesha kiwanja cha ndege ambacho, kwa masharti ya mkataba, sitakitaja. Jengo la abiria lina chila tatu (mashine kubwa za kupoza maji ya viyoyozi) zinazopozwa kwa hewa, kila moja ikiwa na uwezo wa tani 300, tani hapa ikiwa kipimo cha upoozaji na si cha uzito. Kwa kuwa abiria wanaongezeka na ukumbi mpya wa kuondokea uko mbioni kujengwa, uongozi unataka tuandike pendekezo la kununua chila ya nne. Papo hapo wanataka bili ya umeme ishuke, na sioni namna mambo hayo mawili yatakavyokaa pamoja.

Hali tuliyoikuta ni hii. Maji baridi hutoka kwenye chila yakiwa na nyuzi 7 na hurudi yakiwa na nyuzi 10. Pampu zote huzunguka usiku na mchana kwa kasi ileile. Kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi chila zote tatu huwa zimewaka, lakini ukumbi wa kuwasili unabaki na fukuto, hasa kati ya Januari na Machi, ilhali katika kumbi za kusubiri kupanda ndege abiria wamejikunyata na akina mama wamejifunika kanga. Je, chila ya nne itamaliza tatizo hili? Na kama ni kubadilisha zote, twende kwenye zile zinazopozwa kwa maji?

Mhandisi_Pugu alijibu:

Habari ni nzuri, ndugu. Kabla ya kuandika neno lolote kuhusu chila ya nne, hebu itazame tena hiyo nyuzi 10.

Mifumo mingi ya aina hii husanifiwa maji yatoke na nyuzi 7 na kurudi na nyuzi 12, yaani tofauti ya nyuzi 5. Kwa tofauti hiyo, chila ya tani 300, ambayo ni takriban kilowati 1,050 za upoozaji, huhitaji kama lita 50 za maji kwa sekunde. Yako yanarudi yakiwa yamechukua nyuzi 3 tu. Ikiwa mtiririko ni ule wa usanifu, basi kila chila inafanya kazi kwa asilimia 60 ya uwezo wake, na zote tatu kwa pamoja zinatoa tani 540 kati ya 900. Jengo halijakosa uwezo wa kupoza. Limekosa namna ya kuufikisha ubaridi huo unapohitajika. Ukiongeza ya nne katika hali hiyo utakuwa na chila nne zilizobeba mzigo nusunusu, pampu nyingine moja inayokula umeme, na ukumbi wa kuwasili uleule.

Maji hurudi baridi kwa sababu chache zinazojulikana. Mara nyingi utakuta mashine za kugawa hewa zina valvu za njia tatu, ambazo hupitisha maji pembeni na kuyarudisha bila kugusa koili (mabomba membamba ambamo maji baridi hupoza hewa), au valvu zimekwama wazi, au koili zimeziba vumbi kiasi kwamba hewa haichukui ubaridi. Fungua mashine moja inayohudumia ukumbi wa kuwasili, shika bomba la kuingia na la kutoka: kama yote mawili yanatoa jasho la baridi kwa kiwango kilekile, umeshapata pa kuanzia. Badilisha valvu ziwe za njia mbili, funga inveta, yaani kifaa cha kubadilisha kasi ya mota, kwenye pampu ili kasi ifuate mahitaji, na safisha koili. Pampu inayozunguka kwa asilimia 80 ya kasi yake hutumia takriban nusu tu ya umeme, kwa kuwa nguvu hufuata mchemraba wa kasi (0.8 × 0.8 × 0.8). Hakuna chila itakayokupa punguzo la namna hiyo kwa bei ya inveta.

Jambo la pili ni hewa ya nje, na hapa ndipo washauri wanaonakili miongozo ya nchi za baridi wanapotupotosha. Chukua hewa ya mchana wa Februari, nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, na ndani unataka nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 55. Kila kilo ya hewa inayoingia huja na takriban gramu 11 za maji za ziada. Kwa hiyo kila mita moja ya ujazo ya hewa ya nje inayopenya mlangoni kwa sekunde moja inakudai kama tani 11 za upoozaji, na karibu nne ya tano za mzigo huo ni kukausha mvuke, wala si kushusha joto. Ukumbi wa kuwasili, wenye milango inayofunguka kutwa nzima kwa ajili ya mikokoteni ya mizigo, wapokezi na madereva wa teksi, unaweza kumeza chila nzima kwa njia hiyo. Weka milango miwili yenye ukumbi mdogo katikati, na uhakikishe kuwa hewa safi inayoingizwa na mashine ni nyingi kidogo kuliko inayotolewa, ili jengo lisukume hewa nje badala ya kuinyonya.

Usikubali ushauri wa kupandisha maji baridi hadi nyuzi 9 au 10 ili chila ipumzike. Ni kweli chila hupata unafuu wa asilimia 2 hadi 3 kwa kila nyuzi inayopanda, lakini kwa hali ya hewa ya pwani koili itashindwa kukausha hewa, na fukuto litazidi.

Kaka_wa_Tabata alijibu:

Nakubaliana na Mhandisi_Pugu kuhusu valvu na milango, lakini nadhani amelipita haraka suala la umri wa chila. Fundi_Ukonga hakutuambia zinatumia gesi gani ya kupozea. Kama ni R-22, hakuna mjadala: chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza gesi za kundi hilo kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025 na kuziondoa ifikapo 2030, isipokuwa akiba ndogo ya matengenezo. Kama ni R-134a, bado kuna muda, ingawa nayo imo katika Marekebisho ya Kigali ya 2016 ya itifaki hiyo na athari yake kwa tabianchi ni mara 1,430 ya hewa ukaa. Kununua ya nne yenye gesi hiyohiyo ni kujifunga.

Kuhusu kupoza kwa maji: kwa joto letu chila ya hewa hutumia zaidi ya kilowati 1 kwa kila tani, na ya maji nzuri hutumia karibu 0.6, ukiacha pampu na feni za mnara wa kupozea maji. Tofauti hiyo inavutia sana kwenye karatasi. Hata hivyo, mzigo wa tani 300 hupoteza karibu lita 2,000 za maji kwa saa kwa uvukizi pekee, bado hujahesabu yale ya kumwaga ili chumvi isirundikane. Maji hayo yatatoka wapi siku ya mgawo? Visima vingi vya jiji hili vina chumvi, na kondensa, sehemu ya chila inayotoa joto, haisamehe chumvi. Mnara usiotiwa dawa ipasavyo pia huzalisha bakteria wa lejionela, wanaosababisha homa ya mapafu, jambo ambalo karibu na umati wa abiria si la kufanyia mzaha. Mimi ningekubali minara pale tu ambapo kuna chanzo cha pili cha maji na fundi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Halafu fikirini mbali. Jengo la Pili la Kiwanja cha Julius Nyerere lilifunguliwa 1984, na la Tatu, lenye uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka, likaja 2019. Hiyo ni miaka 35, wakati chila iliyotunzwa vizuri huishi kama 20 au 25. Kwa hiyo hata kama hamtanunua ya nne sasa, acheni nafasi yake, msingi wake na mabomba yenye kipenyo cha kutosha katika ukumbi huo mpya.

Fundi_Ukonga aliandika:

Nashukuru sana. Gesi ni R-134a. Jana tulifungua mashine mbili za ukumbi wa kuwasili: zote zina valvu za njia tatu, na moja imekwama wazi. Swali langu la mwisho ni kuhusu zile kumbi za kusubiri zenye baridi kali, na namna ya kufanya kazi hii bila kufunga kiwanja.

Mhandisi_Pugu alijibu:

Kumbi za kusubiri zina baridi kwa sababu zinapozwa kana kwamba zimejaa muda wote. Ukumbi wa lango moja hujaa kwa muda mfupi kabla ya ndege kuondoka, kisha unabaki na wafagiaji. Unganisha mfumo wa kusimamia jengo na ratiba ya ndege, ukumbi uanze kupozwa nusu saa kabla ya abiria kuitwa na upumzishwe baada ya lango kufungwa. Hewa safi nayo iongozwe na vihisi vya hewa ukaa: watu wakipungua, hewa ya nje ipungue, na mvuke wake pia. Ndege ikichelewa, mfumo upokee taarifa hiyo yenyewe; ukimwachia mlinzi abonyeze swichi, baada ya mwezi kila kitu kitakuwa kimewashwa moja kwa moja.

Waambieni pia waendeshaji wasiwashe chila zote tatu kwa pamoja umeme ukirudi baada ya kukatika. Wateja wakubwa wa TANESCO hulipia pia kilele cha mahitaji yao kwa kVA (kipimo cha nguvu ya umeme inayovutwa kwa wakati mmoja), na dakika hizo chache za kulipiza joto lililoingia zinaweza kuwa ndizo kilele cha mwezi mzima.

Kuhusu utekelezaji, fungeni kwanza mita za mtiririko na za umeme kwenye kila chila, msome walau mwezi mmoja kabla ya kugusa chochote. Bila hizo hamtaweza kumthibitishia mteja kuwa bili imeshuka kwa kazi yenu na si kwa mvua. Kisha mbadilishe valvu tawi moja la mabomba kwa wakati mmoja, kazi ifanyike katika saa ambazo tawi hilo halina ndege. Pangeni kazi hiyo kati ya Juni na Agosti, wakati wa kipupwe, ambapo chila moja inaweza kuzimwa kabisa bila abiria kulalamika.