Kuamka mara tatu, nne usiku kukojoa: ni tezi dume au kuna kingine?

Mkesha: Wadau, salaam. Mwanaume wa miaka 64 anaamka mara tatu hadi nne kila usiku kwenda haja ndogo. Mkojo hauungui, mchana hana shida kubwa, ila ikifika jioni miguu imevimba. Ana presha, anatumia amlodipine asubuhi na furosemide (dawa ya kukojoza) saa mbili usiku. Kila mtu anamwambia ni tezi dume. Aanzie wapi? Na akiacha kunywa maji jioni inatosha?

Daftari: Mkuu, kabla ya kuisingizia tezi dume, mkojo upimwe. Chombo chenye alama za mililita, siku tatu, aandike saa na kiasi cha kila mkojo, alichokunywa, saa aliyolala na aliyoamka. Mkojo wa usiku ni wote uliotoka baada ya kulala, ukijumlisha na ule wa kwanza asubuhi. (Huo wa asubuhi unaingia kwenye kiasi, hauhesabiwi kwenye idadi ya kuamka. Wengi hukosea hapo.) Gawanya kwa jumla ya saa 24. Mfano, usiku 750 kati ya 1,600 ni karibu asilimia 47. Kwa aliyevuka miaka 65, zaidi ya asilimia 33 maana yake figo zinatengeneza mkojo mwingi usiku. Huyu wa 64 yuko karibu na kipimo hichohicho. Hapo kibofu hakina kosa, na dawa ya tezi dume peke yake haitamsaidia sana.

Lakini kama kila safari anatoa 100 au 150 tu, wakati kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hubeba 300 hadi 500, basi tatizo ni kibofu chenyewe: tezi dume, maambukizi, kibofu kinachojikamua ovyo, hata choo kigumu kinachokigandamiza. Na jumla ya siku nzima ikipita lita 3, apime sukari haraka.

Mizani: Naongezea kwenye dawa, maana jibu la huyu mzee naliona humo. Furosemide hufanya kazi kama saa sita. Ukiimeza saa mbili usiku unakojoa mpaka saa nane. Amwombe daktari aihamishie asubuhi au mchana. Kama analala saa nne, isipite saa kumi jioni. Asiiache mwenyewe. Amlodipine nayo huvimbisha miguu, na maji yaliyokaa miguuni mchana hurudi kwenye damu akilala, figo zinayatoa. Alasiri ainue miguu juu ya usawa wa moyo kwa saa moja hivi, apunguze chumvi. Soksi za kubana zinafaa, ila mishipa ya miguu ikaguliwe kwanza. Uvimbe ukija na kukosa pumzi akilala chali, moyo uchunguzwe.

Maji: apunguze saa mbili, tatu kabla ya kulala, asijinyime kutwa nzima. Mkojo ukiwa mzito unakikera kibofu.

Kandili: Muulizeni pia anayelala naye kama anakoroma na pumzi kukatika. Pumzi ikikatika usingizini, moyo hutoa homoni inayoziamuru figo kumwaga chumvi na maji. Watu huhangaika na kibofu miaka, kumbe shida iko kooni.

Desmopressin asinunue kiholela. Inapunguza mkojo kweli, lakini inaweza kushusha sodiamu hadi mtu akachanganyikiwa au akapata degedege, na mwenye moyo dhaifu au anayetumia furosemide haimfai.

Usiku aweke taa hafifu njiani au chupa ya kukojolea kando ya kitanda, na akae ukingoni dakika moja kabla ya kusimama. Dawa za presha na tamsulosin (dawa ya tezi dume) huleta kizunguzungu, na nyonga nyingi huvunjika njia hiyo ya chooni.

Damu kwenye mkojo, aonwe mapema hata kama haumwi. Homa na maumivu ya kiuno, hospitali siku hiyohiyo. Kibofu kimejaa na mkojo hautoki kabisa, aende saa hiyohiyo awekewe mpira. Dawa za mafua zenye kuleta usingizi huweza kusababisha hilo kwa mwenye tezi dume kubwa.