Kuomba zana za kilimo kwa ajili ya chuo: barua iandikweje, na kipi tukikatae?

Mkufunzi_Zana
Wakuu, habari za kazi. Chuo cha kilimo chenye trekta moja kinataka kuomba ya pili, pamoja na planta (mashine ya kupandia mbegu) na bomba la kunyunyizia la kufungwa kwenye trekta. Tunalenga mawakala wa mashine na mashamba makubwa. Barua iwe na nini? Na vilivyotumika vikaguliwe vipi?

Karakana
Mkuu, barua ya "tunaomba msaada wowote" huishia kwenye droo, maana msomaji hajui atoe nini. Taja kifaa kwa vipimo: planta ya mistari miwili, ya kufungwa pointi tatu (kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta), inayovutwa na trekta ya nguvu farasi 50. Eleza itafundisha somo gani, wanafunzi wangapi kwa mwaka, italala wapi, nani ataihudumia na fedha za oili na vichujio zitatoka wapi. Hilo la fedha ndilo linalomtuliza mtoaji. Hapendi kuona mashine yenye jina lake imeota nyasi nyuma ya karakana.

Ukurasa mmoja unatosha, wenye saini ya mkuu wa chuo, na orodha iambatanishwe. Mpelekee meneja wa huduma au wa shamba, kwani ndiye anayejua kipi kimeegeshwa bila kazi. Kwa mashamba, subiri mavuno yaishe.

Orodha iwe na sehemu mbili: vya kufanyia kazi na vya kufungua. Injini iliyokufa au gia boksi mbovu inafundisha vizuri tu, na watu huitoa bila kusita.

Fundi_Dizeli
Nitajibu la ukaguzi. Agizeni trekta isiwashwe kabla hamjafika. Mkikuta injini ina joto, huenda mnafichwa kwamba inawaka kwa shida. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi. Injini ikishawaka, fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukisukuma kwa nguvu, ringi zimekwisha. Halafu inua zana nzito kwa mikono ya nyuma, uzime injini. Ikishuka upesi yenyewe, kuna sili au vali inayovuja.

Kinachosahaulika ni kama zana zinaoana na trekta. Shafti ya PTO (ile ya nyuma ya trekta inayozungusha zana kwa nguvu ya injini) yenye meno 6 ni ya mizunguko 540 kwa dakika. Ya kipenyo hichohicho yenye meno 21 ni ya 1,000. Pampu ya 540 ikiungwa kwa adapta kwenye 1,000, inakufa. Pini za zana zinazoingia kwenye mikono ya chini ya trekta ni milimita 22 kwa mfungo wa daraja la kwanza na 28 kwa la pili. Ya 22 huvalishwa bushi ikakaa kwenye tundu la 28. Kinyume chake haiwezekani.

Trekta isiyo na fremu ya kumkinga dereva ikipinduka, au shafti isiyo na kava, msimpe mwanafunzi mpaka vifungwe.

Bomba la kunyunyizia: uliza lilibeba dawa gani. Mabaki ya 2,4-D (dawa ya kuua magugu) hujificha kwenye mipira na yanaweza kuunguza nyanya, maharage au pamba. Nozeli inayotoa zaidi ya asilimia 10 kupita ilipokuwa mpya, itupwe.

Mkufunzi_Zana
Asante sana, fundi. Vipi trekta mpya kutoka kwa wakala, na mizigo ya nje ya nchi?

Karakana
Kwa wakala, omba kuazimwa badala ya kupewa. Mashine inabaki mali yake, mnaitumia kwa saa mlizokubaliana, kisha anaiuza kama iliyotumika. Mkataba useme nani analipa bima, sevisi na kinachovunjwa na mwanafunzi. Ila mashine zenye elektroniki nyingi zinahitaji programu ya wakala hata kufuta taa ya hitilafu, kwa hiyo trekta ya kizamani yenye pampu ya kawaida ya dizeli hufundisha zaidi.

Ya nje: msamaha wa kodi uombwe kabla mzigo haujaondoka, na udongo uoshwe wote, la sivyo karantini inaweza kuuzuia. Nauli iandikwe ni ya nani.

Hati ya zawadi ibebe namba ya chesisi, namba ya injini na tamko kuwa haidaiwi. Trekta iliyowekwa rehani si ya mtoaji kuigawa. Ongezeni kifungu cha kuruhusu chuo kuuza kisichohitajika, ili plau ya nne isiwajazie banda.